Chemli Nyuma ya Pazia

Karatasi moja tu ya kusafishia picha ilikuwa imebaki, na kidole cha Mwanakhamisi kilishafika kwenye swichi ya balbu. Akasita.

Mbili za kwanza zilitoka nyeusi tii kama kitako cha sufuria, na wala hakukosea utaratibu wa marehemu baba yake katika studio hii ya Iyunga: laza negativu kubwa juu ya karatasi, ikandamize kwa kioo, washa taa, soma Alhamdu moja kupima muda, zima.

“Kama haiwezekani, mwanangu, basi tena,” alisema mama mteja kwenye mwanga hafifu wa taa nyekundu. Alitoka Igawa na negativu hiyo kaifunga kwenye kitenge. Aliyekuwa kwenye negativu ni mama yake mzazi, aliyefariki akimzaa. Sura yake hakuwahi kuiona.

Mwanakhamisi akakumbuka kanzu ya baba, jinsi ilivyonuka mafuta ya taa hata siku ya Idi.

Kumbe! Alhamdu ile ilikuwa kipimo cha mwanga wa chemli, si cha balbu hizi za kutoboa macho.

Akairudisha karatasi kwenye boksi, akaishusha chemli ya baba kutoka kabatini, akaiwasha nyuma ya pazia zito. Kisha akapanga vyote upya, akafungua pazia, akasoma bila haraka, akalifunga.

Ndani ya beseni la dawa yalianza kutoka maua ya khanga, kikafuata kidevu, halafu tabasamu lenye mwanya katikati.

Mama mteja aliinama, akatazama, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Mwanya ulikuwa uleule wa kinywani mwake.