Lita ya Bi Nungunungu

Zama mizani ilipokuwa ngeni mwituni, Bi Nungunungu, mjane, alikamua mafuta ya ufuta akayauza kwa kopo la lita. Kila jioni wanyama walinunua, wakaketi mkekani pake kupiga soga, naye akasahau upweke wake.

Siku moja akaja Nguchiro mjuaji na mizani yake. Akapima lita moja, akapiga ukelele, "Jamani, tunaibiwa! Hii haifiki kilo!"

"Mwanangu, mafuta ni mepesi kuliko maji," alisema Bi Nungunungu. "Lita yake haijafika kilo hata siku moja."

"Mizani haisemi uongo, bibi!"

Wakaondoka wote bila kuaga. Mwezi mzima mjane akawa anatandika mkeka na kuukunja peke yake.

Nguchiro naye akaanza kuuza mafuta, kwa kilo. Ngiri akamletea chupa ya lita. Nguchiro akaweka upande wa pili wa mizani jiwe la kilo pamoja na chupa tupu kama ile, akamimina. Chupa ikajaa pomoni, na jiwe bado limelalia chini. Akazidi kumimina, mafuta yakamwagikia kwato za Ngiri.

Nguchiro akaenda kwa mjane, kichwa chini. "Bibi, mbona hukutueleza?"

"Nilieleza, mwanangu. Mlikuwa mmeshanipa mgongo."

Kesho yake wote wakarudi kununua. Lakini kila aliyemtazama usoni aliona haya, akachukua mafuta yake akaenda zake. Bi Nungunungu akauza hadi tone la mwisho, kisha akaukunja mkeka ambao hakuna aliyeukalia.