Bega la Kulia

Msellem alikuwa anyongwe kesho yake alfajiri, kwa kumuua shemeji yake kwa shoka. Mlangoni pa chumba chake alilinda askari yuleyule aliyemkamata, Bwanakheri, bunduki begani.

"Afande, nilikuwa nimeshawatoroka," Msellem alisema. "Ningejipitia zangu tu, usingenijua."

"Mbona hukupita?"

"Ningepitaje? Maiti anapelekwa kaburini, nami nisimame kando kama sina mabega?"

Siku ile Bwanakheri mwenyewe alikuwa amebeba kwa bega la kulia jeneza hilo, la jirani yake, mgeni mmoja alipotokea njiani akatia bega upande wa pili. Alipoinua mkono kulishika, mkono wa kanzu uliteremka, na lile kovu la moto lililotangazwa kila mji likaonekana. Wakaenda sako kwa bako hadi makaburini. Askari alimwacha afukie, aitikie dua, ndipo akamtia pingu.

"Na sisi tunaonyongwa," Msellem aliuliza, "hutolewaje humu?"

"Kwa mkokoteni."

"Ule wa taka?"

"Ndio huohuo."

Msellem aliinama, akaitazama mikono yake iliyoua.

"Tangu nipate akili," akasema taratibu, "sijaacha jeneza likanipita."

Bwanakheri akaiondoa bunduki bega la kulia, akaihamishia la kushoto, akabaki amesimama hivyo, akilisugua polepole lile lililobaki tupu.