Hema la Majeruhi

Kipanga alikuwa amebakiza hatua moja ateke lango, mara akageuza jeshi zima kurudi kumbeba askari mmoja aliyejeruhiwa.

Fundi saa alishusha simu aliyokuwa akichezea, akacheka.

"Mama," aliita kuelekea ukutani, "mwanao leo analiwa. Vita gani hivi vya kubebana mgongoni?"

Upande wa pili cherehani ilikuwa kimya. Mkewe alikawia, kisha akajibu kwamba mtoto ni mtoto, amwache acheze.

Mtoto mwenyewe alikuwa na ndevu zake, mpishi wa meli ya mizigo. Kipanga ni jina lake la mchezoni tangu utotoni. Mama alikuwa ameeleza kwamba mtandao wa melini siku hizi unabeba mchezo, sauti haubebi. Basi baba na mwana wakawa wanasalimiana kwa vita, kila alasiri. Nyumba ilishukuru, maana fundi alikuwa amepasuliwa moyo na daktari alikataza asipewe habari za kumshtua. Mkewe alilishika neno hilo hata bei ya sukari akawa anamficha.

Kitendawili: mtoto mmoja, mama wengi. Jibu la fundi lilikuwa mchezo huo. Ukungu unaomficha adui, alipenda kueleza, watengenezaji wameuazima kwa mchezo mmoja. Ghala la nafaka, kwa mwingine. Hema la majeruhi, kwa wa tatu, ila hapa wamelitia ndimu: ukimrudisha mgonjwa hemani, unapoteza zamu. Katika ule wa zamani, waliocheza na mwanawe kwenye kompyuta kuukuu, hema halikuwapo. Aliyeanguka aliachwa alipoangukia, na Kipanga hakuwahi kugeuza shingo.

"Siku hizi ana huruma huyu," fundi alisema.

"Watu hubadilika, mzee wangu," sauti ikajibu nyuma ya ukuta.

Ndani ya droo, mbali na rafu ya saa za wateja, saa moja ya mkononi ilikuwa ikigonga taratibu.

Fundi alitazama uwanja. Adui akikupa kisogo, mpe mshale. Hivyo ndivyo alivyomfundisha mwanawe. Jeshi la Kipanga lilikuwa limempa kisogo chote, linajikongoja na mgonjwa wake. Kidole cha fundi kilisimama juu ya wapiga mishale. Kisha akawarudisha nyuma, akaacha njia wazi.

Majeruhi akafika hemani.

"Umeponea chupuchupu," fundi akaandika.

"Kesho tena, Baba," Kipanga akajibu.

Cherehani ikaanza kunguruma.

Fundi alivuta droo, akaitoa ile saa, mkanda wake umeliwa na chumvi. Ndiyo aliyomfunga mwanawe mkononi siku ya safari. Baharia mmoja ndiye aliyeirudisha, mkewe akiwa sokoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akashindwa hata kuketi.

Aliitia ufunguo, akaifukia tena chini ya vitambaa. Halafu akamimina chai ya mkewe, akaibeba hadi chumba cha pili, na kabla ya kusukuma mlango akakohoa, kama afanyavyo kila siku, ili mama wa watu apate muda wa kuificha simu chini ya nguo anayoshona.