Mivumo Miwili

"Zima feni," mtafiti alisema.

"Dada, tutaiva humu! Na mbu wa kwangu huniimbia bure kila usiku," mwenzake alilalamika.

"Zima."

Mradi wao ulikuwa unafungwa siku hiyo. Mkuu wa maabara alishaamua kwamba mbu dume waliofanywa tasa ili kukomesha malaria hawatakubaliwa kamwe na majike wa nje ya maabara.

Mtafiti alibana masikioni hedifoni zilizounganishwa na kinasa sauti cha kizimba cha mbu, jasho likimtiririka shingoni. Ndani ya kizimba dume tasa alivuma kwa sauti ya juu, jike aliyenaswa nje kwa sauti ya chini, kila mmoja na lake. Akazuia pumzi.

Polepole mivumo ikasogeleana, hata ikawa mvumo mmoja, kama ilivyo kwa mbu waliokubaliana kujamiiana.

"Vipi?" mwenzake alinong'ona.

Mtafiti alimvalisha hedifoni, kisha akausukuma mlango wa mkuu bila kubisha hodi.