Pipa la Sebuleni

Sheria ilitaka kila nyumba itunze pipa moja la sumu ya viwandani. La kwa Sikudhani lilikaa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni waliwekewa chai juu yake. Asubuhi ya ukaguzi alitaka kufagia chini yake. Siku zote lilihitaji watu wawili. Leo alilisukuma kwa goti tu, likateleza.

"Mama, mbona pipa jepesi?"

Mkwewe aliendelea kupakua chakula. "Linavuja tangu masika, mwanangu. Ningeacha wakaguzi watuaibishe? Nakinga kwa bakuli, namwaga kule nyuma, kwenye mchicha."

Sikudhani akaitazama sahani. Mchicha wao ulistawi ajabu mwaka huu, na mtaa mzima ulikuwa ukija kuomba.