Simu ya Nguchiro Arusini

Nguchiro aliitwa kupiga muziki arusini kwa Kanga, naye hakuwa na chombo ila simu na spika moja. Alijua akizomewa siku ile, hataitwa tena popote.

Korongo, mwenye mashine mbili za santuri, alimcheka mbele ya wageni. "DJ gani huyu? Huyu ni mwenye simu tu! Mkimchoka, niiteni."

Nguchiro kwa hofu hakuthubutu kuondoa macho kwenye miguu ya wageni: ilipochoka alipunguza mwendo, ilipochangamka aliongeza. Hata Kobe, aliyefiwa na mkewe, aliinuka kucheza.

Mama Kanga akamfuata Korongo. "Haya shemeji, kawashe mashine zako. Tumzime Nguchiro?"

"Ngoja kwanza," alisema Korongo, akikata kiuno. "Wimbo huu uishe."