Nyigu Hasa ni Yupi?

Nyigu wa Pwani alimkamata Panzi mguu wa kushoto, na papo hapo Nyigu wa Milimani akamkamata wa kulia. Nyigu hao walikuwa hawajawahi kuonana.

"Wewe mdudu gani?" akauliza wa Pwani. "Nyigu ana miguu myekundu. Wewe mweusi tii, umetokea jikoni?"

"Nyigu ni mweusi," akajibu wa Milimani. "Hiyo yako umeipaka hina, dada, usinidanganye."

Wakabishana mpaka wakasahau kumdunga Panzi.

"Shikamooni, mabibi," akasema Panzi kwa adabu. "Sisi ndio tunaoliwa, kwa hiyo nyigu hasa tunamjua. Hajulikani kwa rangi, anajulikana kwa shimo analochimba kutufukia. Chimbeni, nami nitaingia kwa aliye nyigu kweli."

Wakamwachia, wakachimba kwa hasira, mchanga ukiruka nyuma yao. Walipotoka, vumbi lilikuwa limewafunika wote wawili. Wekundu hauonekani, weusi hauonekani.

Panzi alikuwa ameshafika juu ya tawi.

"Haya, amua!" wakapiga kelele kwa pamoja.

"Nyinyi ni tumbo moja kabisa," akajibu Panzi. "Hata mashimo yenu yanafanana. Yote mawili hayana kitoweo."